Midomo ya Kuku na Nguzo za Ghala

Kuku walikuwa wamemtangulia mlangoni. Siwatu alipofungua aliwakuta wamesimama uani wakimtazama kwa jicho moja moja, kama kuku wanavyotazama, jicho la pili wameliweka kwingine, kwa kipanga au kwa Mungu, nani ajuaye. Akaligeuza gunia la pumba, akalikung'uta. Likatoa vumbi. Jogoo akalidonoa vumbi lile, akapiga chafya, akamtazama tena.

"Hakuna," Siwatu akawaambia. "Zimekwisha."

Kuku hajui neno hakuna. Kwake upo mkono unaotupa na upo mkono usiotupa, na mkono usiotupa umekataa, basi. Siwatu alisimama na gunia tupu mkononi akawaza: kumbe hata mimi ni bwana wa mtu. Ipo midomo inayoamini kwamba njaa yake imetoka kwangu. Nani alikuwa wa kwanza kusimama mlangoni na konzi ya nafaka, wenye njaa wakamwona, wakashusha macho, wakamwita Bwana? Na kabla ya siku ile aliitwa nani? Labda alikuwa mtu tu. Labda alikuwa na mke, naye mkewe alimwita kwa jina, akaitika.

Katika mji ule mtu wa namna hiyo alikuwepo. Mji wenyewe haukuwa na jina. Uliwahi kuwa nalo, lakini wakubwa wake walilitoa siku ya shida, wakapewa mtama, mtama ukaliwa, tangu hapo mtu wa pale akiulizwa kwao ni wapi hujibu, "Kule." Jua la mji ule halikuwa na adabu. Siku nyingine lilining'inia utosini mpaka nywele za watu zikawa nyeupe, siku nyingine asubuhi na jioni zilipita zimeshikana mikono, mtu hajawahi hata kutia chai sukari. Na katikati ya mji lilisimama Ghala, limebebwa juu na nguzo za miti minene, chini yake kivuli kipana wanakopangia foleni waombaji.

Kila punje iliyoliwa na mtu au mnyama ilitoka humo, na bei ilikuwa moja. Uliacha jina lako mlangoni kwa mwenyewe, Bwana Ghala, nayo magunia yakapelekwa nyumbani kwako. Wewe hukurudi. Asiye na jina haitiki, na asiyeitika hana njia ya kurudi. Ulibaki kule ukipanda na kushuka ngazi na mzigo begani, na kidogo kidogo sura yako ikaanza kufanana na ya mwenzako, mpaka wachukuzi wote wakawa na uso mmoja.

Makame, mume wa Siwatu, aliliacha jina lake mwaka ule mvua ilipofika nusu ya njia ikarudi juu. Hakumuaga mtu. Asubuhi ile aliwatupia kuku chenga za mwisho, akanawa mikono, akatoka. Magunia yalipoletwa ndipo Siwatu alipojua. Alikimbia bila viatu mpaka Ghalani, akasimama chini ya ngazi, akaita, "Makame! Makame ee!" Wachukuzi wakapita mbele yake mmoja baada ya mwingine, uso ule ule, jasho lile lile. Hakuna aliyegeuka. Mmoja alimwambia kwa upole asimame pembeni asije akaangukiwa na gunia. Mpaka leo Siwatu hajui kama yule alikuwa mumewe.

Sasa magunia yale yalikuwa yamekwisha.

"Nenda Ghalani," Bi Mize alisema kutoka ukumbini. Huyu alikuwa mama yake Makame, kikongwe asiye na jino hata moja, chakula chake yai la kuchemsha na uji mwembamba. "Kawaachie jina langu. Mimi jina la nini tena? Walioniita wote wako chini ya udongo."

"Mimi nakuita, mama."

"Unaniita mama. Hicho ni cheo, mwanangu, si jina. Hawatakipokea."

"Siendi. Nikitia mkononi punje nyingine ya yule mtu, nimemsamehe. Nami sijamsamehe."

"Mbona magunia yote yale tuliyala?"

Siwatu alilikunja gunia, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitabu. "Nilikula nikiwa na hasira," akasema. "Kila tonge."

"Hasira haibadilishi ladha ya ugali," akasema Bi Mize. "Haya. Kama huendi, wale kuku watakula nini? Maana mimi nakula kwao."

Basi wakakaa, mkwe na mkamwana, wakashauriana juu ya kuku kama wazee wanavyoshauriana juu ya vita. Mabaki? Kuku hula mabaki, lakini nyumba isiyoshiba haina mabaki. Majani? Palikuwa na mchicha nyuma ya choo, nayo majani humpa kuku kiini cha yai cha njano, hayampi nguvu ya kutaga yai lenyewe. Maganda ya mayai, wakayaponda, maana kuku asiyepata ganda hutaga yai laini kama jicho. Kuwaacha wajitafutie? Ua ulikwisha kupekuliwa mpaka ardhi ikawa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Kuku anataka kitu kilicho hai," Bi Mize akasema mwishowe. "Marehemu mama yangu alikuwa akitega mchwa. Chukua chungu kibovu, kishindilie mavi makavu ya ng'ombe na mabua, kinyunyizie maji, kifudikize juu ya tundu la mchwa. Watapanda wenyewe. Mchwa hawaombwi, wanaitwa kwa njaa yao."

Siwatu akafanya hivyo. Alifudikiza chungu kando ya kichuguu kilichokuwa uani, na alipokuja kukifunua kilikuwa kimejaa, kinachemka, weupe na wekundu wamepandana. Alikikung'utia uani. Jogoo alipiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga tangu aanguliwe. Kuku walikula mpaka magole yao, vile vifuko vya chakula shingoni, yakaelemea upande mmoja, na siku chache baadaye mtetea mmoja wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, akaimba chini ya kitanda cha Bi Mize, akaacha pale yai zito, la moto, lenye kiini chekundu kama jua la machweo. Bi Mize akalila akifumba macho.

Ilikuwa nyumba pekee katika mji ule iliyokula bila kupanga foleni. Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa kisa cha heri. Lakini Siwatu alipewa jina hilo na bibi yake kwa kusudi. Bibi alikuwa amedhulumiwa na nduguze, na mtoto alipozaliwa akamtazama usoni akasema, "Hawa si watu. Na huyu aje awakumbushe." Mtu anaweza kulelewa kwa maziwa au kwa uji, Siwatu alilelewa kwa maneno yale.

Siku moja alikwenda kutwanga maganda ya mayai akakuta chungu alichokuwa amekisahau kando ya kinu. Akakiinua. Mchwa walikuwa wametoka chunguni wakahamia kwenye kinu. Kwa nje kilikuwa kinu kile kile, cheusi, kizito, alichopewa siku ya harusi yake. Akaupiga mchi mara moja. Kinu kikaporomoka miguuni pake, kikawa unga.

Akasimama palepale, mchi mkononi. Jua nalo likasimama.

Kitu kilichokula kinu. Kinu kilichotwanga miaka yote, wao wakakitwanga kwa midomo. Hawana meno. Hawana mkubwa anayewapigia kelele, au wanaye, lakini yuko chini, hajulikani. Hawakuomba. Hawakuacha jina. Kinu ni mti. Mlango ni mti. Ngazi ni mti. Nguzo.

Nguzo ni mti.

Tangu siku ile Siwatu akaacha kuwapa kuku mchwa.

Hakulitamka jambo hilo hata kwa nafsi yake. Alisema, chungu hiki wakue kwanza. Alisema, hiki nacho tukiache, kesho. Akavipanga vyungu vyake nyuma ya nyumba, akavifunika kwa mawe kuku wasivipindue, akavilisha mabua aliyoyafuata mbali kwa miguu, akavinywesha maji aliyopaswa kunywa yeye. Alivisikiliza kwa sikio: ndani mlikuwa na sauti ndogo, kama mvua ya mbali inayonyesha kwa watu wengine. Na kila alipoisikia moyo wake ulitulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipokimbia bila viatu. Watu husema kisasi ni moto. Siwatu aliona si kweli. Kisasi ni mfugo. Kina wakati wake wa kula, kinanenepa ukikitunza, na kila unachokipa kimeondolewa mdomoni mwa mwingine.

Kuku wakaanza kukonda. Vifua vyao vikawa vikali kama visu. Wakaacha kutaga. Kisha wakaanza kudonoana. Mtetea wa kishingo alinyonyolewa mgongo mzima na wenzake, akawa anatembea uchi akijificha kwenye pembe za kuta. Wakiliona sufuria, walikimbilia sufuria. Wakiuona mguu wa mtu, walikimbilia mguu. Hawakujua tena nani ni nani. Kila kitu kinachotembea kilikuwa kinaweza kuwa chakula.

"Mwanangu," Bi Mize akamwita. Sauti yake ilikuwa imepungua kama utambi. "Kuku wale wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea."

"Na mimi?"

Siwatu akapiga magoti mbele ya mkwewe, akamshika mikono. Ilikuwa myepesi. "Mama, nivumilie kidogo. Nakuletea kitu kikubwa kuliko yai."

"Hakuna kitu kikubwa kuliko yai kwa mtu asiye na meno," akasema Bi Mize, akageukia ukutani.

Vyungu vilipokomaa, Siwatu alianza kuvipeleka Ghalani. Alibeba kimoja kimoja kichwani, amekifunika kwa kanga, akaingia kwenye foleni chini ya ile sakafu kubwa ya mbao. Hakuna aliyemuuliza. Foleni ile ilikuwa na tabia yake: mtu aliingia kijana akafika mlangoni mzee, na kila mmoja alitazama kisogo cha mbele yake tu. Siku moja Siwatu alikitazama kisogo cha mwanamke aliyemtangulia akakiona ni chake, na nywele zimeshakuwa nyeupe, na kovu lake la utotoni nyuma ya sikio. Hakumgusa. Aliogopa yule asije akageuka na kumuuliza: ulishinda? Akakifudikiza chungu chake kwenye mguu wa nguzo, akakipaka udongo pembeni kisionekane, akatoka kwenye foleni akarudi nyumbani. Nguzo baada ya nguzo. Mchwa wakatoka vyunguni, wakajenga njia zao za udongo, nyembamba kama mishipa, wakazama ndani ya mti.

Ndipo Bwana Ghala alipomwita.

Alishuka ngazi mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kanzu safi na mikono laini, anayesema na kila mtu kwa sauti ya chini kama anayesema na mgonjwa. Upole huo ndio uliomuudhi Siwatu kuliko yote. Angekuwa na pembe, angemsamehe nusu.

"Dada yangu," akasema Bwana Ghala, "nakuona unakuja, unapanga, kisha unaondoka hujafika mlangoni. Una haja gani?"

"Haja yangu unayo wewe."

"Ah. Mume?"

"Mume."

Bwana Ghala akafikiri. "Mimi simfungi mtu, dada yangu. Mlango uko wazi, umeuona. Wako hapa kwa sababu hawajui pa kwenda. Lakini nimechoka kukuona, nakwambia kweli. Kesho nitawashusha wote, wajipange hapa chini. Mchague wa kwako. Ukimtambua, nitamrudishia jina lake, mwende zenu. Ukishindwa kumtambua, lete anayeweza. Lakini kuchagua ni mara moja."

Siwatu alirudi nyumbani. Kwa muda mrefu alikuwa amejiandaa kumwangusha yule mtu. Hakuwa amejiandaa kupewa. Alimwendea Bi Mize akamweleza yote, isipokuwa habari za vyungu.

Kikongwe akainuka kitandani. Hakuwa ameinuka siku nyingi. "Mimi macho yangu yamekwenda," akasema. "Na wewe umesema uso wao ni mmoja. Lakini kuku! Kuku hawatazami uso. Mwanangu aliwalisha wale kila asubuhi tangu wakiwa vifaranga. Wanaijua miguu yake, wanaujua mwendo wake. Wafungulie mbele ya watu elfu, watamkimbilia yeye. Watie kwenye tenga, twende nao!"

Siwatu akawatazama kuku wake uani. Walikuwa wanadonoa kamba ya kandambili.

Angeweza kusema wakati ule. Angesema, mama, wale sio kuku aliowaacha Makame, nimewafanya wengine. Badala yake alikwenda akachukua tenga.

Walipofika, wachukuzi walikuwa wamejipanga mbele ya Ghala, mstari unaopinda mpaka hauonekani mwisho, uso ule ule, mikono ile ile imening'inia. Foleni ya waombaji iligeuka kwa mara ya kwanza ikatazama. Bwana Ghala alikuwa amekaa juu, kwenye kizingiti cha mlango wake.

Bi Mize akalifungua tenga kwa mikono yake mwenyewe. "Kuru! Kuru-kuru-kuru!" akaita, kama mwanawe alivyokuwa akiwaita. "Haya, baba zangu! Mtafuteni!"

Kuku wakatoka. Wakasimama kidogo, wakapepesa macho. Halafu wakaenda kwa wachukuzi, wakaenda kwa huyu, na huyu, na huyu, kwa kila mmoja, maana kila mmoja alikuwa na vumbi la pumba kwenye pindo za nguo yake. Wakaparamia miguu yote. Wakadonoa vidole vyote. Jogoo alimrukia mmoja begani, kisha mwingine, kisha mwingine. Wachukuzi walisimama tu.

"Hawamjui," Bi Mize akanong'ona. "Mwanangu, hawamjui. Mbona hawamjui?"

Siwatu alikuwa anajua mbona. Akauma mdomo mpaka akahisi chumvi ya damu.

Kisha mtetea wa kishingo, yule aliyetembea uchi, akainua kichwa. Akaiacha miguu ya watu. Akakimbia shingo mbele, moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya kona, akaanza kupekua. Udongo ukaruka, chungu kikapinduka, wakatoka mchwa. Kuku wote wakaona. Wakamiminika chini ya Ghala, nguzo hii, nguzo ile, wakibomoa njia za udongo kwa kucha na midomo, wakila, wakisukumana, wakila. Na walipozidonoa nguzo zenyewe, zilitoa sauti ya ngoma. Zilikuwa tupu. Mdomo wa kuku ulipenya kwenye mti kama unavyopenya kwenye papai bovu.

Kila mtu aliielewa ile sauti.

Bwana Ghala hakupaza sauti yake hata wakati ule. Alimtazama Siwatu kutoka juu, kwa muda, karibu kwa heshima. Halafu akasema, "Wachukuzi. Shikilieni."

Wakaenda. Wote wakaingia chini ya Ghala, wakaweka mabega kwenye mihimili, mgongo kwa mgongo, na Ghala lililokuwa limeanza kulia likanyamaza, likakaa juu yao. Sasa walikuwa nguzo.

Siwatu akaona alichokifanya. Kila siku alipokuwa amebeba chungu kichwani alikuwa akiona jambo moja, yule mtu akianguka. Hakuwahi kuona ni nani atakayewekwa hapo chini mti ukiisha. Kumbe mwenye nguvu huwa hasimami juu ya nguzo. Nguzo zikioza anao watu, na watu wakioza anao wengine kwenye foleni. Na mmoja wa wale waliopinda migongo alikuwa Makame, magoti yanatetemeka, na mwingine pia labda alikuwa Makame, na mwingine. Alifungua mdomo amwite, na hakuwa na neno la kumwitia. Chuki yake ilikuwa ingali hai, nzima, imeshiba. Ilisimama kifuani mwake ikamwambia, acha lianguke. Na miguu yake ikataka kukimbilia chini ya ile mihimili, naye aweke bega.

Wakati huo kuku, kwa kuogopa miguu mingi iliyowaingilia, wakatawanyika. Wengine wakapita kati ya foleni, foleni ikakatika, watu wakaruka huku na huku. Kishingo akashika njia ya kwenda porini. Na sauti iliyomtoka Siwatu hakuipanga. Ni ile inayomtoka mtu yeyote mwenye kuku.

"Jamani, kuku wangu! Kuku wangu wanapotea! Nikamatieni kuku!"

"Kamateni!" Bi Mize naye akalia. "Nyie mmesimama nini, kuku wanakwenda!"

Mchukuzi mmoja akageuza kichwa. Akamwona jogoo anapita mbele yake. Mikono yake ilitoka kwenye mhimili kabla yeye mwenyewe hajajua. Akainama, akaitandaza, kama anavyoinama mtu anayemzuia kuku asitoke uani kwake. Yule wa pili akamziba upande wa pili, akisema, "Mzibie huko! Huko!" Wa tatu akacheka. Ilikuwa sauti ambayo Ghala lile halikuwahi kuisikia. Na wote, ambao hapo zamani kila mmoja alikuwa na ua, na asubuhi, na kuku wanaomsubiri mlangoni, wakatoka chini ya mihimili wakawakimbilia kuku wa Siwatu, wakiviziana, wakijigonga, wakirukia manyoya.

Ghala lilianguka taratibu, kama ng'ombe anavyolala. Kwanza magoti. Kuta zikafunguka, na nafaka ya miaka yote ikamwagika mahali pale palipokuwa kivuli, ikafanya mlima, na ndani ya mlima ule akawamo Bwana Ghala.

Vumbi lilipotua, wachukuzi walikuwa wamesimama barabarani, wengine na kuku kwapani, wengine mikono mitupu. Sauti ikatoka chini ya nafaka. Ilikuwa bado ya upole.

"Nifukueni," ilisema. "Wewe... Njoo, wewe..." Ikasita. Kisha ikaanza kutaja majina, maana yote alikuwa nayo yeye huko chini. Aliyataja kwa haraka, moja baada ya jingine, majina ya baba za watu, na ya wana. Wachukuzi walisikiliza kama watu wanaosikiliza habari za mji wa mbali. Alikuwa hajui lipi ni la nani, na wao pia. "Makame," sauti ikasema. Siwatu akazitazama nyuso zote kwa mara moja, akazitazama mpaka macho yakamuuma. Hakuna hata kope iliyocheza. Sauti ikapita kwenye jina lingine.

Mchukuzi mmoja akamjia akamkabidhi kishingo, amemkunja mbawa vizuri. "Shikilia miguu," akamwambia, "ana kucha huyu."

Siwatu akampokea. Alitaka kusema kitu. Bi Mize akamtangulia. Alimshika mtu yule mkono, akaupapasa kidole kwa kidole, akauweka shavuni mwake.

"Huyu ni wangu," akasema.

"Mama, una hakika?"

"Sina. Lakini angalia alivyokonda." Na akamgeukia yule mtu. "Umekula lini wewe? Twende nyumbani. Hatuna kitu, lakini twende."

Mtu yule akamtazama kikongwe, akamtazama Siwatu, akafikiri sana. "Haya, mama," akasema.

Waombaji walikuwa wamekwisha kusogea kwenye mlima wa nafaka na mabakuli yao, lakini hakuna aliyechota. Sauti ya chini iliwazuia. Ilikuwa imeacha majina, sasa inaomba tu. Wakamtazama Siwatu. "Tumfukue?" mwanamke mmoja akauliza. "Wewe ndiwe mwenye haki, sema. Tumfukue?"

Siwatu alihisi moyo wa kuku ukimpiga kiganjani, upesi upesi. Alijitafutia ndani yake huruma, akaitafuta kwa haki, kama mtu anavyokung'uta gunia. Akaona uso ule mmoja wa wachukuzi ukipita mara nyingi. Akamwona mtu anamwambia kwa upole asimame pembeni.

"Kuku wangu hawajala," akasema.

Akamwachia kishingo juu ya nafaka. Wenye kuku kwapani nao wakawaachia. Kuku wakapanda mlima, wakala, wakapekua, wakatupa punje nyuma yao kwa miguu, wakala tena. Kila walipopekua palibaki kishimo kidogo, na nafaka ya juu ikateremka ikakiziba nusu.

"Nani anapekua huko juu?" sauti ikauliza. Ilikuwa na tumaini ndani yake.

"Watamfikia," akasema Bi Mize, akiwa bado amemshika mwanawe mkono, au mwana wa mtu. "Lakini kuku hupekua polepole, mwanangu. Pengine wasimkute."

"Pengine," akasema Siwatu. Akaikusanya kanga yake, akapanda, akakaa kitako juu ya nafaka palepale sauti ilipokuwa inatokea, akaiziba.